Anayehama na Gari Lililo Juu ya Mawe

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia kuuza na kununua, akatuharamishia kudhulumiana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila anayeufuata mwendo wao katika ibada na katika muamala. Amma baad.

Ndugu zetu wasomaji, mji wetu wa Taveta ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Walimu huletwa hapa na serikali, wakakaa miaka mitatu au minne, kisha wakahamishwa. Askari na watu wa forodha nao ni vivyo hivyo. Wafanyabiashara huja kwa ajili ya soko letu la Jumatano na Jumamosi, na soko likiwageuka huhamia Voi au Mombasa, au huvuka mpaka wa Holili wakaenda zao Himo na Moshi. Kila anayeondoka huuza asichoweza kukichukua: kitanda, kabati, mbuzi, mabati ya banda la kuku. Na miongoni mwa vitu hivyo kimoja chazidi kuonekana siku hizi, nacho ni gari kuukuu ambalo mwenyewe alilinunua kwa nia ya kulifufua, kisha asimalize kazi yake.

Gari la namna hii twaliona nyuma ya nyumba nyingi. Limewekwa juu ya mawe, magurudumu hayapo. Injini imefunguliwa, nusu yake imo garini na nusu imo katika debe chini ya kitanda. Milango imekwanguliwa rangi ya kale na haijapakwa mpya. Kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe akiulizwa, hujibu kwamba imebaki kazi ndogo tu. Na jibu hilo amelitoa mwaka huu, na mwaka jana, na mwaka juzi.

Katika darsa yetu ya baada ya sala ya Isha ndugu mmoja, mwalimu aliyepata barua ya kuhamishiwa Garissa, alituletea swali juu ya jambo hili. Anayo Peugeot 504 ya zamani. Wafaransa walianza kulitengeneza gari hilo mwaka 1968, likaunganishwa humu Kenya kwa miaka mingi, na magari ya jina hilo yakashinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na mwaka 1978. Wazee wetu walilipanda kama matatu zamani, wakati barabara ya kutoka Mwatate ilipokuwa ya vumbi jekundu. Basi si ajabu mtu kulipenda.

Maswali yake yalikuwa matatu. La kwanza: tangu alinunue gari hilo ametumia shilingi 310,000, je, yafaa atake zirudi zote? La pili: bloku ya injini ina ufa, alioonyeshwa na fundi wake, nao hauonekani mpaka injini ifunguliwe yote na kuoshwa, je, ni lazima amwambie mnunuzi? La tatu: je, haitoshi kusema kwamba anauza kama lilivyo, na atakayenunua ajitazamie mwenyewe? Kisha akaongeza neno lililotugusa sana. Alisema kwamba akiusema ufa ule hapana atakayenunua, na mwenye lori la kuchukua vyombo vyake ataka fedha zake kabla ya siku ya Ijumaa, na watoto wanne hawawezi kusafiri kwa maneno mazuri.

Tumeona tuyajibu maswali haya katika ukurasa huu, kwani yanayompata mmoja leo yatawapata wengi kesho.

Tuanze na bei. Mwenye mali ana ruhusa ya kutaja bei aitakayo, na mnunuzi ana ruhusa ya kukubali au kukataa. Sheria yetu haikumwekea muuzaji kiwango cha faida. Lakini yapasa mtu ajue anachokiuza. Mwenye gari lisilokwisha huwa na vitu vitatu moyoni mwake, naye huvichanganya akadhani ni kimoja. Cha kwanza ni chuma kilichopo: bodi, chasisi, giaboksi, vioo na vipuri. Cha pili ni gharama alizokwisha kutoa. Cha tatu ni tumaini, yaani lile gari zuri aliloliona akilini siku aliyolinunua. Katika hivyo vitatu, kinachoweza kutiwa mkononi mwa mnunuzi ni kile cha kwanza tu. Gharama zimekwisha kwenda, na nyingine zilikwenda katika makosa: spea isiyolingana iliyonunuliwa mara mbili, fundi asiyejua kazi aliyelipwa kwa kuharibu. Na tumaini ni la mwenyewe, wala haliuziki. Basi akipata wa kumpa 310,000 kwa ridhaa na kwa kujua, ni halali yake. Lakini asimwone mnunuzi kuwa mdhalimu kwa kutotaka kulipia makosa ambayo hakuyafanya yeye.

Na hapa pana jambo la kuogopwa. Wengi husema, "Mimi nimetumia laki tano juu ya gari hili," hali ametumia mbili. Huyu hakupandisha bei tu, amesema uongo ili amvute mwenziwe. Wanavyuoni wetu wamezitenga biashara ambazo mnunuzi hutegemea neno la muuzaji juu ya gharama yake, wakaziita biashara za amana. Na mwenye kuongeza hesabu katika biashara hizo amefanya khiana, hata kama bei yenyewe ni ya kawaida. Asiyetaka kutaja gharama zake na anyamaze, atoe bei yake tu. Anayezitaja na azitaje kwa ukweli.

Sasa tuje kwenye ule ufa, nao ndio moyo wa swali. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni Madina akaona rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Akamwuliza mwenyewe, naye akajibu kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume akamkemea kwa kutouweka ule umaji juu watu wakauona, akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Tazameni, ndugu zetu: yule mtu hakuitia maji nafaka yake, mvua ilinyesha kutoka mbinguni. Kosa lake lilikuwa kuliweka kavu juu na bichi chini. Na anayejaza kutu kwa fila akapaka rangi juu yake, au akarudisha nyuma mita ya maili, au akaosha injini siku ya mauzo ili mafuta yanayovuja yasionekane, huyo ana tofauti gani na mwenye rundo lile? Bali yeye ni mbaya zaidi, kwa kuwa amekitengeneza kificho chake kwa mikono yake miwili.

Pana na kisa kingine kinacholingana sana na swali letu. Inasimuliwa juu ya Wathila bin al-Asqa, sahaba wa Mtume, kwamba alikuwa amesimama mahali palipouzwa ngamia kwa dirhamu 300. Wathila alikuwa ameghafilika, na alipozindukana mnunuzi alikwisha kwenda na ngamia wake. Akamfuata mbio huku akimpigia ukelele, akamwuliza kama amemnunua ngamia yule kwa nyama au kwa kupanda. Mnunuzi akasema amemnunua kwa kupanda. Basi Wathila akamjulisha kwamba ameona tundu katika ukwato wa mnyama yule, na kwamba hataweza kuendelea na mwendo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100. Yule muuzaji akamlalamikia Wathila kwamba amemharibia biashara yake. Wathila akamjibu kwamba wao walimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu.

Yazingatieni mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza ni kwamba Wathila hakuwa muuzaji wala dalali. Alikuwa mpita njia aliyejua. Basi fundi anayeujua ufa ule, na jirani aliyeusikia, nao pia wana deni la kusema wakimwona mnunuzi anadanganyika. La pili ni lile swali lenyewe. Kwa anayetaka nyama, tundu katika ukwato si kasoro. Kwa anayetaka kupanda, ni kasoro kubwa. Gari lisilokwisha ni hivyo hivyo. Mnunuzi anayetaka milango na vioo kwa ajili ya gari lake jingine hana haja na bloku. Mwenye kununua chuma chakavu kwa uzito hana haja hata na milango. Lakini kijana aliyekusanya akiba yake ili alimalize gari lile apeleke mboga Voi, safari ya zaidi ya kilomita 100, huyo ufa wa bloku ndio utakaomla yeye na akiba yake. Kwa hiyo muuzaji na amwulize mnunuzi wake analitakia nini gari, kisha amwambie lile linalogusa haja yake.

Wengine watasema kwamba gari lililo juu ya mawe laonyesha wazi kuwa ni bovu; basi kasoro ipi tena itajwe? Jibu ni kwamba mafakihi wameieleza kasoro kuwa ni kila kinachopunguza kitu au thamani yake, katika jambo ambalo kwa desturi kitu cha namna ile hakiwi nalo. Anayenunua gari lililofunguliwa ajua kwamba halitembei, kwamba lataka rangi, na kwamba lataka kazi. Hayo ameyaona na ameyaridhia. Lakini hajui kwamba bloku imepasuka, wala kwamba chasisi ilipinda katika ajali na ikanyooshwa, wala kwamba nambari ya injini si ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Hayo hayamo katika alichokiona, wala hayamo katika alichokikubali.

Tukiyasema haya, yule ndugu yetu alikuwa kimya muda mrefu. Siku ya pili alikwenda kwa kijana aliyekwisha kupatana naye kwa shilingi 140,000, akamweleza juu ya ufa. Kijana akamshukuru, akaondoka, hakurudi. Siku ya nne akaja fundi mmoja kutoka upande wa Mwatate mwenye bloku nzima ya gari kama lile, akaambiwa yote, akalinunua kwa 95,000. Hatukukisimulia kisa hiki ili tuahidi kwamba kila msema kweli atalipwa siku ya nne. Wako wasema kweli wanaopata hasara na gari likabaki. Ndugu yetu huyu amepoteza 45,000 alizozihitaji mno, na ilimlazimu kumwomba mwenye lori amngoje mpaka mwisho wa mwezi. Tumekisimulia ili msidhani kwamba twazungumzia mambo mepesi. Ukweli katika biashara una bei, na mara nyingine muuzaji ndiye anayeilipa. Uongo nao una bei, na hulipwa siku ambayo shilingi hazipokelewi.

Tuje kwenye neno "kama lilivyo". Neno hili limekuwa kwa watu wengi kama hirizi: akilitamka mtu, adhani dhima imemtoka. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba Abdullah bin Umar alimwuza mtumwa, kwa ada ya zama zile, kwa dirhamu 800, kwa sharti ya kutokuwa na dhima ya kasoro. Mnunuzi akaona ugonjwa, akashitaki kwa Khalifa Uthman bin Affan. Uthman akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa aliuza hali hajui kuwapo kwa ugonjwa ule. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake. Baadaye mtumwa yule akapona, akauzwa kwa dirhamu 1,500.

Kwa hukumu hii twafahamu kwamba sharti ya "kama lilivyo" haimkingi anayejua. Na katika madhehebu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hiyo humtoa muuzaji katika dhima ya kasoro za ndani za mnyama ambazo hakuzijua, wala si katika nyinginezo. Kwani mnyama huugua ndani na mwenyewe asitambue. Gari si mnyama. Haliugui usiku likaamka na ufa. Aliyelifungua kwa mkono wake, akalitazama bolti kwa bolti, ndiye mtu wa mwisho katika dunia anayeweza kusema kwamba hakujua.

Sheria za nchi yetu katika jambo hili ni pana kidogo kwa muuzaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyotokana na ile ya Waingereza, aghlabu humtaka mnunuzi ajichunge mwenyewe anaponunua kwa mtu ambaye si mfanyabiashara wa bidhaa ile. Na Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, huhukumu mambo ya hali za nafsi, ndoa, talaka na mirathi. Haina hukumu juu ya gari. Kwa hiyo anayehamia mbali anaweza kunyamaza, akaondoka, na asiitwe na mtu. Lakini Mwislamu hapimi halali yake kwa umbali wa mahakama. Pale ambapo hapana kadhi wa kumwita ndipo penye kujulikana kama anamcha Mola wake au alikuwa akimwogopa kadhi.

Baada ya hayo, anayehama na ajiulize: je, gari hili lote ni langu? Swali hili watu hulipuuza, na ndani yake mna dhuluma nyingi. Gari lililokaa miaka mitano chini ya mti huwa limekusanya haki za watu kama linavyokusanya majani. Fundi alifungua injini akaambiwa atalipwa kazi ikiisha. Kazi haikuisha, naye hakulipwa. Jeki iliyo chini yake ni ya jirani. Radieta iliazimwa kwa shemeji ili ijaribiwe. Fedha za kununulia giaboksi alizitoa rafiki, kwa makubaliano kwamba wataligawana gari litakapouzwa. Na mara nyingine gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba, wala halijagawiwa. Mama na dada wana sehemu zao walizoandikiwa na Mwenyezi Mungu, lakini kwa kuwa ufunguo u mkononi mwa mtoto mmoja wa kiume, aliuza na kula peke yake. Asiyemiliki hawezi kuuza, ila kwa idhini ya mwenyewe. Na mtenda kazi apasa kulipwa upesi, jasho lake lingali mwilini, kama alivyotuamrisha Mtume. Basi yule fundi ambaye jasho lake limekauka mara elfu, haki yake itangulizwe mbele ya nauli ya lori.

Katika jambo hili tunacho kigezo kikubwa kabisa. Mtume wetu (S.A.W.) aliuhama mji wa Makka huku watu wake wamekubaliana kumwua. Hata hivyo vitu vya watu vilikuwa kwake kwa amana, na wengi wa wenye vitu hivyo walikuwa haohao maadui zake. Hakuvichukua kama fidia ya mali zake alizoziacha, wala hakusema kwamba safari imembana. Alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib, radhi za Allah ziwe juu yake, akae Makka mpaka kila amana imfikie mwenyewe, kisha amfuate. Ikiwa aliyehama kwa kukimbia upanga alizirudisha amana, basi anayehama kwa barua ya mwajiri, akiwa na muda wa kufunga vyombo vyake, ana udhuru gani?

Kisha na yaangaliwe mapatano yenyewe. Wako wanaouza na kuahidi kwamba watamalizia kazi: "Nunua, nami nitaifunga injini." Imam Nawawi katika Minhaj amelitaja jambo mfano wa hili, mtu kununua nguo kwa sharti ya muuzaji kuishona, akasema kauli iliyo sahihi zaidi ni kubatilika kwa biashara ile. Hekima yake yaonekana: kuuza kitu ni jambo moja na kuajiriwa kazi ni jambo jingine, na vikifungwa pamoja huzaa ugomvi, khasa muuzaji akiwa Garissa na injini ikiwa Taveta. Njia ya salama ni kuliuza gari kwa bei yake, likaisha. Kisha mnunuzi akapatana na fundi amtakaye, kwa ujira unaojulikana na kazi inayojulikana.

Wako pia wanaouza kwa picha za simu, mnunuzi akiwa Mombasa na gari likiwa huku. Madhehebu yetu yamesisitiza kuonekana kwa kitu kinachouzwa. Picha huchagua upande mzuri, na haina harufu ya mafuta wala sauti ya chuma kilicholiwa na kutu. Mnunuzi na aje mwenyewe, au amtume wakili wake atazame. Na ni wema kupeana hiari ya siku tatu, muda ambao fikihi yetu imeruhusu, ili mnunuzi amlete fundi wake. Vipuri vilivyo katika madebe na makasha vihesabiwe kimoja kimoja, isiwe muuzaji amesema "na vyote vilivyomo", kisha mnunuzi akafungua akakuta misumari.

Kuandika nako msikuache. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, katika Suratul Baqara, imehusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Na imepokewa kwamba Mtume aliandikiana hati na al-Adda bin Khalid katika biashara, ikatajwa ndani yake kwamba kilichouzwa hakina ugonjwa wala hila. Ikiwa yeye, ambaye hapana aliyemshinda kwa uaminifu, aliandika, sisi tunaionea haya kalamu ya nini? Basi ziandikwe kasoro zote zilizotajwa, na vitu vilivyokabidhiwa, na bei, na tarehe. Na kama fedha ni za kulipwa kidogo kidogo, muda wa kila fungu uandikwe. Watie sahihi wote wawili na mashahidi wawili. Karatasi hiyo humlinda mnunuzi, na humlinda muuzaji asije akadaiwa alilokwisha kulieleza.

Kitabu cha gari nacho kihamishwe jina. Kwa Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, yule aliyeandikwa ndiye anayehesabiwa mwenye gari mpaka ithibitike vingine, na gari lililouzwa haliruhusiwi kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya kuandikishwa kwa jina la mwenyewe mpya. Kazi hiyo siku hizi hufanywa kwa mtandao wa serikali, muuzaji akianza na mnunuzi akithibitisha. Wengi huona kwamba gari lisilotembea halina haja ya haraka. Lakini litatembea siku moja. Likigonga mtu, au likikamatwa na magendo, polisi watalitafuta jina lililoandikwa, na mwenye jina hilo amekwisha kusahau. Na anayemwuzia mtu wa Himo au wa Moshi ajue kwamba gari halivuki mpaka kama mtu avukavyo. Wapite kwenye kituo cha pamoja cha forodha, ushuru unaopasa ulipwe, na asimwache mnunuzi adhani kwamba njia za vichakani ni sehemu ya bei.

Wanunuzi nao tuna neno lao. Khabari ya mtu kuhama ikienea mjini, baadhi yetu hufurahi. Husema, "Mwacheni, siku ya mwisho atauza kwa bei ya chuma." Hukubaliana wasimwendee mpaka lori limekwisha kupakiwa. Kununua kwa bei nafuu si haramu, lakini kumvizia mwenye dhiki si tabia ya ndugu. Imepokewa kwamba Jarir bin Abdullah alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, naye alipomwona akamwambia mwenyewe kwamba farasi wake ana thamani zaidi, akaendelea kumwongeza mpaka akafika dirhamu 800. Hatumtaki kila mtu afikie daraja ya Jarir kwa siku moja. Twataka angalau tusimkabe mwenzetu. Na madalali wanaoleta wanunuzi wa uongo ili bei ipande wajue kwamba Mtume amekataza kumwongezea bei asiyetaka kununua, na katazo hilo lina ukali uleule katika simu kama sokoni.

Limebaki neno moja, nalo ni juu ya gari kutokwisha. Si aibu mtu kuanza kazi na kushindwa kuimaliza. Wengi walioyanunua magari haya walitaka kheri: kujifunza kazi ya mikono, kuwapa watoto wao chombo, kuokoa kitu kilichokuwa kikioza. Lakini yako magari yaliyokula ada za shule, na yaliyokula Ijumaa za mtu, mwaka baada ya mwaka, huku mke akiambiwa kwamba mwezi ujao litawaka. Urefu wa tumaini ni katika maradhi ambayo wanavyuoni wametuhadharisha nayo, kwani mwenye kutumaini sana huahirisha sana. Kuhama kukimlazimisha mtu kuliangalia gari lake kwa jicho la mgeni, na auone ufa pale penye ufa, hiyo ni neema iliyokuja kwa sura ya usumbufu. Na alitoe kwa radhi kwa atakayelimaliza. Kuliacha lioze chini ya mti kwa sababu tu hakupata bei ya ndoto yake ni kuharibu mali, na mali ni amana.

Na sisi sote, waliopata barua na wasioipata, ni watu wa kuhama. Kila mmoja wetu ana kazi iliyo juu ya mawe: deni lisilolipwa, ugomvi usiosuluhishwa, toba iliyoahirishwa. Mwenye barua ya serikali amepewa siku za kupanga vyombo vyake. Mwenye barua ile nyingine hakupewa tarehe. Basi tuziweke wazi kasoro zetu tungali tunaweza kuzirekebisha, na turudishe vya watu wangali wanaweza kuvipokea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki biashara zetu, azitakase ndimi zetu na uongo wa sokoni, amfikishe salama kila anayehama katika sisi, na atujaalie tuondoke katika miji yetu na katika dunia yetu pasi na mtu wa kutudai. Amin. Wabillahi taufiki.